Mwanafunzi wa Tusajigwe

Kofi la kwanza Tusajigwe alilivumilia. La pili lilimwangusha juu ya rundo la nyavu alizokuwa akizishona uani, na alipoinua uso alimwona shemeji yake Hezroni akichomoa panga kiunoni.

Hakumkata yeye. Alizikata nyavu.

"Hizi ni za marehemu kaka yangu," Hezroni alisema, na kila neno lilikwenda na pigo. "Alizisuka avulie yeye. Hakuzisuka ili mjane wake apande mtumbwi na wanaume wa watu."

Tusajigwe alibaki amekaa chini, damu ikimjaa ulimini. Nyavu zile yeye na mumewe Wilson walizisuka pamoja masika mawili mfululizo, usiku wa mvua, huku redio ya betri ikiwaimbia kutoka Malawi. Sasa zilikuwa zikirukaruka chini ya panga kama vifaranga waliokanyagwa. Hakulia. Machozi ya Wilson alikwisha kuyamaliza tangu mwaka juzi, ziwa lilipomchukua na kukataa kumrudisha, wakazika shati lake badala ya mwili.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza. Jumapili baada ya ibada nakuja na wazee. Utahamia kwangu na vyombo vyako na mtumbwi. Mke wangu nimeshamwambia, ameshalia amenyamaza. Ukikataa, utatoka Mwaya na nguo ulizovaa. Lugano atabaki. Yule ni damu yetu."

"Lugano ana miaka mitano, shemeji."

"Atakua."

Alilifuta panga kwenye jani la mgomba, akalirudisha kiunoni, akaondoka bila haraka, kama mtu aliyekuwa akipalilia shamba lake mwenyewe.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima ya Ukinga, ng'ambo ya maji. Tusajigwe alichukua ufagio. Alishukuru jambo moja tu, kwamba mtoto alilala kwa bibi yake. Tangu msiba ule, mama mkwe wake, Marta, hakupata usingizi bila mjukuu kumlalia mkononi.

Alikuwa bado anafagia vipande Isaya alipobisha hodi. Alikwisha kumsahau. Leo ilikuwa siku ya somo.

Mwanamume huyo mrefu, mwembamba, mwenye shati la ofisini lililochakaa kola, alikuwa karani miaka tisa katika kiwanda kimoja cha Mbeya. Mwaka huu, tisini na tano, kiwanda kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi kwenye kijumba cha marehemu baba yake akiwa na sanduku la bati na mikono laini. Aliwaomba wavuvi wamfundishe kazi. Wakamcheka, wakamwambia samaki hawapokei barua. Ndipo akamwendea mjane aliyesemwa kijiji kizima kwa kuvua peke yake. Hii ilikuwa wiki ya tatu.

"Ugonile, mama Lugano," alimwamkia, kisha akauona uso wake. Mfuko wa usipa, dagaa wadogo wa chambo, ulimponyoka. "Nani?"

"Nimejikwaa."

"Mama Lugano, vidole vitano viko shavuni kwako. Nani?"

Tusajigwe aliendelea kufagia. Isaya alizitazama nyavu, akautazama mgomba uliopakwa tope la panga, akaelewa. Aligeuka kuelekea njiani.

"Ukimfuata atakuua," Tusajigwe alisema. "Yeye ana panga. Wewe una kalamu mfukoni."

Isaya alisimama. Aliishika ile kalamu kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

"Basi niambie nifanye nini."

"Beba kafi."

"Leo pia? Katika hali hii?"

"Nikibaki hapa nitakaa nizitazame hizi nyavu mpaka jioni. Beba kafi. Nyavu hakuna tena, kwa hiyo leo utajifunza ndoano."

Waliusukuma mtumbwi majini karibu na mdomo wa mto Mbaka, mahali ambapo maji ya mto, yenye rangi ya chai ya maziwa, huingia kwenye buluu ya ziwa na kukataa kuchanganyika. Wavuvi waliokuwa wakianika usipa ufukweni waliwatazama. Mmoja alitema mate. Tusajigwe hakugeuka.

"Kaa chini kabisa," alimwambia Isaya walipofika kwenye kina. "Ukitaka kuona nyuma, geuza shingo, usigeuze kiuno. Mtumbwi huu mwembamba, hauna subira."

"Kama mwenyewe."

Tusajigwe alimtazama. Isaya aliinamisha macho haraka, lakini tabasamu lilikuwa limekwisha kumtoroka.

Akamwonyesha. Mshipi hauzungushwi mkononi, maana samaki mkubwa akivuta utakatika kidole. Ndoano hupitishwa mdomoni mwa usipa, itokee mgongoni, ncha ibaki wazi kidogo. Kisha unaiachia polepole mpaka kijiwe cha kuuzamisha mshipi kiguse chini, ndipo unaipandisha urefu wa mkono mmoja.

"Ng'ambo kwa wajomba zangu, Karonga, chambo ndiye samaki mwenyewe," alisema. "Ukiwaomba chambo watakupa kitoweo."

"Kwa hiyo mtu anaweza kumvua chambo kwa chambo."

"Karani wewe. Shika mshipi."

Aliushika vibaya. Alikuwa ameukunjia ngumi, kama mtu anayemzuia ng'ombe asitoroke. Tusajigwe alisogea mbele kwa magoti, akamfungua vidole kimoja kimoja, akauweka mshipi juu ya kidole cha shahada, na cha kwake akakiweka juu yake.

"Usisikilize kwa masikio. Sikiliza kwa hapa. Akigonga mara ya kwanza, anaonja. Mwache. Akigonga tena, mwache. Akiondoka nao, hapo ndipo."

"Nitajuaje?"

"Utajua."

Walikaa hivyo, kidole juu ya kidole. Maji yalipiga ubavuni mwa mtumbwi, taratibu. Tusajigwe alisikia harufu ya sabuni ya mche shingoni mwa Isaya, akakumbuka kwamba ana miaka ishirini na saba tu, na kwamba kwa miaka miwili mwili wake ulikuwa kitu cha kubebea maji, kuni na matusi. Alitaka kuuondoa mkono wake. Hakuuondoa.

Samaki wa kwanza aligonga, Isaya akavuta kwa pupa, ndoano ikaja tupu. Wa pili vilevile. Wa tatu aligonga, akagonga tena, kisha mshipi ukakimbia kuelekea kina kana kwamba mtu amepita nao.

"Sasa," Tusajigwe alimnong'oneza.

Alipigana naye kwa dakika nyingi, akimvuta, akimwachia, jasho likimchuruzika machoni. Alipotokea juu alikuwa mbasa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, tumbo likimetameta kama fedha. Tusajigwe alimwingiza ndani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachukua rungu dogo la kuulia samaki, akampiga kichwani mara moja. Mbasa alitulia.

Isaya alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu ambaye hajacheka mwaka mzima. Tusajigwe naye akacheka, mdomo uliopasuka ukamuuma, akaushika.

Kicheko cha Isaya kilikatika hapo hapo.

"Wiki tatu nimekuwa nakuja kwako," alisema. "Sikuja kwa ajili ya samaki tu."

"Najua. Mtu anayetaka samaki hutazama maji."

"Ulijua, ukaendelea kunifundisha?"

"Wewe ulijua kijiji kinasema nini, ukaendelea kuja?"

Waliangaliana, na safari hii Isaya hakuinamisha macho. Ndipo Tusajigwe alipomweleza yote, kuhusu Jumapili na wazee na Lugano.

"Twende Karonga," Isaya alisema. "Kwa wajomba zako. Leo leo. Tumchukue mtoto, kwa mtumbwi tutafika."

"Yule mama alizika shati, Isaya. Nikimwibia na mjukuu, atazika nini?"

Isaya aliukunja mshipi, akauweka chini.

"Basi Jumapili na mimi nitakuja. Nitakaa mbele ya wazee niseme ninakutaka uwe mke wangu."

"Watakupiga."

"Watanipiga. Lakini nitakuwa nimeshasema."

Tusajigwe aliunyosha mkono kumgusa shavu. Mkono haukufika. Nyuma ya bega la Isaya alikuwa ameuona mtumbwi mwingine, mtu mmoja ndani, akipiga kafi kwa nguvu kama anayefukuzwa.

"Kaa chini," alisema. "Shika pande zote mbili. Usisimame, hata akikutukana mama yako."

Hezroni hakutukana. Aliuelekeza mtumbwi wake ubavuni mwao na kuugonga kwa nguvu zote. Maji yaliingia ndani, mbasa akateleza miguuni. Kabla Isaya hajageuza shingo, kafi la Hezroni lilimpata mdomoni. Tusajigwe alisikia meno yakivunjika. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa mtu anayekanyaga ganda la konokono.

"Ufukwe mzima unacheka," Hezroni alisema, akihema. "Wananiuliza kama kaka yangu alikuoa wewe au alimwolea karani."

Pigo la pili lilimpata Isaya begani. La tatu aliliona likija, akalidaka kafi kwa mikono miwili, akaling'ang'ania. Damu ilimtoka kinywani ikashuka mpaka kwenye ile kalamu mfukoni. Wakavutana, mitumbwi ikisagana.

"Liachie," Hezroni alisema.

"Siachii."

Basi Hezroni ndiye aliyeliachia. Mkono wake wa kulia ulikwenda kiunoni, na panga lililozikata nyavu asubuhi likapanda juu, kwenye jua.

Tusajigwe hakuwaza. Rungu la samaki lilikuwa mkononi mwake. Aliupiga ule mkono wenye panga chini kidogo ya kiwiko, akausikia mfupa ukikatika. Panga lilianguka majini likazama. Hezroni alipiga ukelele mmoja, akajipinda kuushika mkono, na mtumbwi wake ukapinduka ukamfunika.

Alipoibuka alikuwa mbali na mtumbwi wake uliopinduka, karibu na wa Tusajigwe. Hezroni alijua kuogelea tangu utotoni, lakini si kwa mkono mmoja, na si kwa maumivu yale. Alizama, akaibuka, akameza maji, akazama tena.

"Anakufa," Isaya alisema. Maneno yalitoka mabovu, kupitia damu.

Tusajigwe alikuwa amekaa na rungu lake mapajani. Aliyaona maji yakifunga juu ya kichwa cha mtu yule, na ndani yake palikuwa na utulivu mkubwa wa kutisha. Jumapili isingekuwepo. Lugano angekuwa wake. Kazi ilikuwa moja tu, kutofanya lolote.

"Mwache," alisema.

"Mama Lugano."

"Mwache, Isaya. Ziwa ndilo litakalosema."

Isaya hakumsikiliza. Aliinamia nje ya mtumbwi, akanyosha mkono wake mrefu, na Hezroni alipoibuka mara ya tatu aliudaka. Aliudaka kama mtu anayezama anavyodaka kitu, bila kujali ni cha nani. Akauvuta. Isaya akaondoka ndani ya mtumbwi, kichwa kikitangulia.

Hapo Tusajigwe alikumbuka kwamba hajawahi kumfundisha kuogelea.

Alijirusha. Chini ya maji aliwaona, Hezroni amempanda Isaya mabegani, anamkandamiza ili yeye apate hewa, na Isaya hapigani tena, macho wazi, mapovu yakimtoka puani. Alimpiga Hezroni usoni. Hakuachia. Alimpiga tena. Mwishowe aliukamata ule mkono mzima uliomkaba Isaya kola, akaung'ata kifundoni, akang'ata mpaka ladha ya damu ikajaa kinywani, ndipo vidole vikafunguka.

Alimpandisha Isaya juu, akamfikisha kwenye mtumbwi.

"Shika hapa. Usipande. Shika tu, tapika, upumue."

Isaya alishika, akakohoa. Tusajigwe aligeuka. Pale Hezroni alipokuwa palibaki duara tu juu ya maji, likitanuka.

Akilini alimwona Marta akikunja shati jingine. Alimwona jinsi alivyolikunja lile la kwanza, mikono mirefu juu ya vifungo, bila kilio chochote. Tusajigwe alivuta pumzi, akazama, akamkamata Hezroni kwa nywele na kola, akampandisha.

Mitumbwi miwili kutoka ufukweni ilikuwa imeshafika. Mikono mingi ikawapokea.

Walimlaza Hezroni mchangani, wakamkandamiza tumbo mpaka maji yakamtoka. Mkono wake ulikuwa umelala vibaya, umepinda mahali pasipopinda. Watu walijaa. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa uongo.

"Karani," alisema. "Karani ametaka kuniua."

Hawakuuliza zaidi. Isaya alikuwa amepiga magoti, bado akitapika, teke la kwanza lilipompata mbavuni. Mwingine akamkamata kola akamwinua, mwingine akaokota kafi. Tusajigwe alipita katikati yao kwa mabega na viwiko, akasimama mbele ya Isaya, khanga yake ikichuruzika maji.

"Nimempiga mimi."

"Ondoka, mwanamke."

"Mimi ndiye niliyemvunja mkono. Alitoa panga, nikampiga kwa rungu. Huyu hakumgusa. Anayetaka kupiga, aanze na mimi."

Aliyeshika kafi alisitasita. Nyuma yao watu walianza kupisha njia. Marta alikuja akitembea polepole, amemshika Lugano mkono. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na ufukwe wote ulinyamaza.

Alimtazama mwanawe mchangani kwanza, muda mrefu, akihakikisha kifua chake kinapanda na kushuka. Kisha akauliza, "Nani amekutoa majini?"

Hezroni alifumba macho.

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa."

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Tusajigwe."

Minong'ono ilipita. Tusajigwe angeweza kuiacha hapo. Kila mtu alikuwa upande wake sasa, aliona nyuso zikilegea. Lakini Marta alikuwa akimtazama, na macho yale hakuwahi kuyadanganya.

"Mama," alisema, "sikuwa wa kwanza. Mimi nilisema aachwe. Nilikaa nikamtazama anazama, nikasema aachwe. Isaya ndiye aliyemnyoshea mkono. Hezroni akamvuta ndani. Nilijitosa kwa ajili ya Isaya. Huyu nilimrudia kwa ajili yako."

Marta alisogea akamshika Tusajigwe kidevu, akaugeuzia uso wake kwenye mwanga. Maji hayakuwa yameviondoa vile vidole vitano.

"Hivi ni vya huko majini?"

"Ni vya asubuhi, mama."

Mama mkwe aliachia kidevu. Alimgeukia mwanawe, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Jumapili hakuna wazee watakaokwenda kokote. Nyumba ile ni ya Tusajigwe, mtumbwi ni wake, mtoto ni wake. Atakapotaka kuniletea nimlaze, ataniletea. Ukimgusa tena, Hezroni, usiniite mama. Nimemzika mmoja, nitajua namna ya kuishi bila wa pili."

Hezroni aligeuzia uso mchangani. Watu wawili wakamwinua, wakampakia kwenye baiskeli wampeleke hospitali mjini Kyela, na alipopita karibu na Tusajigwe hakuinua macho.

Marta sasa alikuwa amesimama mbele ya Isaya, aliyekaa chini akiwa amejishika mbavu.

"Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui, mama."

"Hujui kuogelea, na ukampa mkono mtu anayezama. Mtu aliyekuja kukukata."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni mjinga," Marta alisema. Alifungua khanga yake ya pili, akaikunja, akambandika mdomoni ili azuie damu. Mkono wake ulikaa pale muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mjinga wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja, ziwa likamchukua. Mwanangu," alimwambia Tusajigwe bila kugeuka, "mfundishe huyu kuogelea kabla hujamfundisha kitu kingine."

"Ndaga, mama," Tusajigwe alimshukuru. Kisha akaketi mchangani kando ya Isaya. Lugano alikuja akajikunyata mgongoni kwake, hakujali maji.

Watu walikuwa bado wanatazama. Aliwaacha watazame. Alikichukua kichwa cha Isaya akakilaza mapajani mwake, akaiondoa khanga, akamwambia afungue kinywa.

"Mawili ya mbele hayapo," alisema.

"Nitaonekanaje?"

"Vibaya."

"Utanitaka hivyohivyo?"

Tusajigwe alimfuta damu kidevuni kwa kidole gumba, taratibu, mbele ya Mwaya nzima.

"Nyamaza," alisema. "Unaumia ukiongea." Na mkono wake aliuacha pale pale usoni pake.